Nyigu Paani, Sumu Sakafuni

Hadi leo kuna watu kijijini kwetu, upande wa Muleba, wanaoamini kwamba nilikunywa dawa ya kahawa. Wengine wamekufa wakiamini hivyo. Sikunywa. Niliipuliza ndani ya nyumba kuua nyigu, ikanirudia mwenyewe. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana kiota cha nyigu juu ya kichwa chake na chupa ya dawa chini ya kitanda. Naandika pia kwa ajili ya yule ambaye ameshaugua na anaona haya kueleza ameuguaje. Mimi niliona haya miaka mingi. Bado naona, ila nimezeeka, na nimeona kwamba jambo hili nikilificha halimsaidii mtu yeyote.

Tulikuwa watatu. Mimi Yustina ndiye mkubwa, kisha Novatus, kisha Adventina, ambaye nyumbani tulimwita Adve. Mama alifariki akimzaa Adve. Baba alimfuata wakati Adve ameanza kusema maneno ya kueleweka. Wakati huo nilikuwa nimeshatoka shule, darasa la nne, kwa sababu mtoto mchanga hangoji mtu amalize hesabu za kugawanya. Baba alipozikwa, baba yetu mdogo, ambaye watu walimwita Ta Laurenti kama tunavyowaita wanaume wa kuheshimiwa kwetu, alitaka kutugawa. Novatus aende naye Kimwani, alikokuwa amehamia kulima. Adve aende kwa shangazi Kitendaguro, Bukoba mjini. Mimi niolewe.

Sikubishana naye kwa maneno makali. Nilimwambia tu kwamba kibanja cha baba kina migomba na mibuni inayozaa, na mikono ninayo. Alicheka, si kwa ubaya, akasema tutazame msimu mmoja. Msimu ukapita, ukapita na mwingine. Hakutuchukua, lakini kila alipokuja kututembelea alitazama paa, akatazama chungu cha maharage, akamshika Adve na kutazama magoti yake kama yana vidonda. Nilijua anatafuta nini. Nilijua pia kwamba siku atakayokipata, ndugu zangu wataondoka.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Chama cha ushirika kilitugawia dawa ya kunyunyizia kahawa, na bwana shamba alikuja kutufundisha. Kupuliza dawa ilikuwa kazi ya wanaume. Nilijifunza kwa kuwa kwetu hapakuwa na mwanamume, na wanaume wengine walinicheka, wakaniita bwana Yustina. Bwana shamba alisema tufunge kitambaa puani, tusimame upande upepo unakotoka, na tukimaliza tuoge kwa sabuni. Shambani niliyafuata yote. Ndani ya nyumba sikulifuata hata moja.

Nyumba yetu ilikuwa bado ya nyasi, juu na chini. Juu paa la nyasi, chini nyasi laini zilizokatwa rweya, yaani kule kwenye uwanda wazi nje ya migomba, zikatandazwa sakafuni. Ndivyo nyumba za kwetu zilivyokuwa. Mtu alikaa juu ya nyasi hizo, alikula hapo, na watoto walilala hapo. Zikichakaa, huletwa nyasi mpya. Sikukuu ikifika, au mgeni wa heshima, unatandaza mpya juu ya zile za zamani, na nyumba nzima inanukia kama asubuhi. Mama aliipenda sana kazi hiyo. Nami niliifanya kila Krismasi ili watu wasiseme nyumba haina mama.

Mwaka ule, mavuno ya kahawa yalipokwisha, nyigu walijenga paani, ndani, juu kabisa ya kitanda changu. Mwanzoni kiota kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa. Nikakiacha. Nilipokitazama tena kilikuwa kama bakuli. Walimuuma Novatus mdomoni, mdomo ukavimba, akasema sasa anaweza kupiga tarumbeta bila tarumbeta. Tulicheka. Kisha walimuuma Adve kwenye kope, na jicho zima likafumba. Hapo sikucheka, kwa sababu Ta Laurenti alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja.

Mama alikuwa akiwafukuza nyigu kwa moshi. Aliweka makaa kwenye kigae, akafunika kwa majani mabichi, akasubiri. Niliogopa. Nyumba moja kule juu kilimani ilikuwa imeungua paa kwa moshi wa namna hiyo. Ma Skolastika, jirani yetu ambaye ndiye aliyenifundisha hata kumfunga mtoto mgongoni, alisema ningoje Jumapili, mumewe atakuja na ngazi, anawajua nyigu. Nikamshukuru, na moyoni nikakataa. Nilifikiri msaada wa jirani ukifika masikioni mwa Ta Laurenti utageuka ushahidi kwamba sijiwezi.

Nilikuwa na dawa ya kahawa iliyobaki kwenye chupa. Dukani nilikuwa nimesikia kwamba mafuta ya taa yanaua nyigu papo hapo. Nikawaza kwamba viwili vikiungana vitaua mara mbili. Sikutia maji hata tone. Nilijaza katika lile bomba dogo la mkono la kupulizia mbu. Jioni, nyigu wakiwa wamerudi kiotani, niliwatuma watoto kwa Ma Skolastika wakaombe chumvi ambayo tulikuwa nayo. Nikafunga mlango. Nikaziba dirisha kwa gunia ili nyigu wasipate pa kutokea. Nikapanda kitandani, nikainua uso, nikapuliza.

Ukipuliza kitu kilicho juu ya kichwa chako, kinachobaki kinarudi kwako. Ni jambo la kueleweka hata kwa mtoto. Dawa ilinitiririkia usoni, ikashuka shingoni, ikalowesha blauzi. Nyigu mmoja aliniuma mkono, nikaliachia bomba, likaanguka, kifuniko kikatoka, na dawa yote iliyobaki ikamwagika kwenye nyasi kando ya kitanda. Nyasi ziliinywa mara moja. Hata alama haikuonekana. Nakumbuka nilifurahi kwamba haikuchafua kitu.

Nyigu wakaanguka kama punje za mtama. Nilikaa humo ndani nikiwaokota, nimefurahi sana, nikiwaza nitakavyomwonyesha Ta Laurenti paa safi. Kisha nikaona mwanga wa kibatari unapungua. Nikaongeza utambi. Ukazidi kupungua. Jasho likanitoka kama niliyemwagiwa maji, mate yakajaa mdomoni, nikimeza yanajaa tena. Nilitoka nje nikaelekea kwa Ma Skolastika, na miguu haikuwa yangu. Njiani nilikutana na wanaume waliokuwa wametoka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mmoja alisema, bwana Yustina leo amelipata pipa. Wakacheka, wakanipisha njia. Hapo hapo mbele yao mkojo ulinitoka, na si mkojo peke yake. Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa. Miaka imepita, wengi wao wamelala makaburini, lakini nikipita pale kwenye njia panda natembea haraka.

Ma Skolastika alinusa mafuta ya taa mdomoni na nguoni mwangu, akaona chupa ya dawa ambayo Novatus alikimbia akaileta, akaanza kulia. Walinipa maziwa, kwa kuwa kwetu maziwa ndiyo dawa ya aliyekunywa sumu. Niliyatapika yote. Nilitaka kusema nyigu. Ulimi ulikuwa unarukaruka ndani ya mdomo kama samaki, na neno halikutoka.

Walinifunga kwenye baiskeli hadi zahanati ya Muleba, na kutoka hapo nikapandishwa lori la magunia ya kahawa lililokuwa linakwenda Bukoba. Hospitalini daktari hakuniuliza kama nilikunywa. Aliniuliza nilikunywa kiasi gani. Wakanipitisha mpira mpaka tumboni kuosha kisichokuwamo. Kisha zikaanza sindano.

Sitaeleza sindano zile zilifanya nini, maana sikuelewa wakati ule na sielewi vizuri hata sasa. Ninachojua ni kwamba mate yalikauka mpaka ulimi ukawa kama ganda la kahawa, na macho ambayo yalikuwa hayaoni mwanga sasa hayakuweza kuuvumilia. Niliwaona nyigu ukutani. Niliwaona juu ya shuka, nikawa nawaokota mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kiganja cha nesi. Nywele zangu, ambazo nilikuwa nimezisuka kwa ajili ya kumpokea Ta Laurenti, zilinyolewa zote na kichwa kikasuguliwa kwa sabuni. Nesi alimwambia Novatus nguo nilizokuja nazo zitupwe kwenye shimo, asizivae mtu. Akazitupa. Lakini hakuna aliyemuuliza dawa nyingine ilimwagika wapi, kwa sababu kila mtu alijua ilikokwenda. Ilikuwa tumboni mwangu.

Aliyenisaidia zaidi hakuwa ndugu. Kitanda cha jirani alikuwapo msichana wa mjini mwenye homa, na mama yake, Bi Zuhura, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alilala chini kati ya vitanda vyetu. Nilipochafua shuka mara ya pili siku moja, niligeukia ukuta nikajifanya nimelala. Aliniosha taratibu. Alipomaliza alinifunika kanga yake mwenyewe.

"Mwili ukiugua hauna adabu, mwanangu," alisema. "Wewe adabu unayo, huu ni mwili tu."

Kanga hiyo ninayo. Imebaki kipande.

Novatus alipokuja mara ya kwanza nikiwa na fahamu alisimama mbali. Nikajua anawaza nini, kwa kuwa ni mtoto aliyekwisha kuzika wazazi wawili. Nikamwita karibu, nikamwambia kwa sauti iliyokuwa kama ya kuku mgonjwa kwamba ni nyigu, nilipuliza, sikunywa. Alinitazama kichwa kilichonyolewa.

"Umekuwa kama padre, Dada," alisema. Kisha akalia, na kwa kulia kwake nikajua kwamba ameniamini. Alikuwa peke yake.

Maana wengine hawakuniamini. Nilimwambia nesi, akasema ndiyo, ndiyo, pumzika. Nilimwambia katekista aliyekuja kuniombea, akanishika mkono na kuniambia Mungu ni mwenye huruma hata kwa waliokata tamaa. Nikaona kwamba kila nikisema nyigu, mtu ananihurumia zaidi. Nikachoka, nikanyamaza. Ninakuomba wewe unayesoma, usinyamaze kama mimi. Rudia mpaka mtu mmoja akuulize ilimwagika wapi.

Ta Laurenti alikuja akiwa amevaa koti lake la kanisani. Aliweka mkungu wa ndizi chini ya kitanda, akakaa pembeni ya godoro. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yustina," alisema, "kama mzigo ulikuwa mzito ungeniambia. Kuna njia za kutua mzigo."

Kisha akasema kwamba nikipona watakaa kikao cha ukoo, na Novatus na Adve watakwenda kule walikopaswa kwenda tangu mwanzo. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango ambao upepo umeuchezea siku nyingi.

Nilitoka wodini mvua za vuli zikiwa zimeshika, lakini sikuruhusiwa kurudi Muleba. Ilinibidi niende kliniki mara kwa mara, kwa hiyo nilikaa kwa shangazi Kitendaguro. Sindano zilikwisha, vikaja vidonge, kisha hata vidonge vikakwisha na kukabaki kungoja tu. Niliijua benchi ile ya kliniki, upande unaopigwa jua na upande unaovujiwa. Wanawake waliokaa karibu nami waliuliza naumwa nini, na shangazi alijibu haraka kabla yangu kwamba ni malaria. Siku moja mama mmoja wa kwetu alinitambua, akahamisha mtoto wake kutoka upande wangu akampeleka upande wa pili. Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa imeanza kuwaka moto nyayoni na kufa ganzi kwenye vidole, na nilitembea nikishika ukuta kama bibi.

Senene walifika nikiwa Kitendaguro. Mji mzima ulinukia senene wa kukaanga. Shangazi aliniwekea ungo nitoe mabawa na miguu, kazi ya watoto wadogo, na vidole vyangu vikatetemeka mpaka senene wakanitoroka mmoja baada ya mwingine. Shangazi aliuchukua ungo akaimaliza kazi mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwema. Lakini nilisikia akimwambia mumewe chumbani kwamba Adve atalala na binti yao mdogo, kitanda kinatosha. Kwa hiyo walikuwa wamekwisha kupanga hata kitanda.

Hatimaye nikaruhusiwa. Nilipanda basi hadi Muleba, na Novatus akanisubiri kwa baiskeli ya kuazima. Muda wote ule yeye na Adve walikuwa wamelala kwa Ma Skolastika, na nyumba yetu ilikuwa imefungwa. Kikao kilipangwa Jumapili baada ya misa. Nilifika ikiwa Ijumaa.

Na hapa nieleze jambo ambalo watu wa kwingine hawangelifanya. Ma Skolastika na wanawake wa kijiji hawakujua la kuniambia. Walifanya wanalolijua. Walikwenda rweya wakakata nyasi mpya, wakaja wakafungua nyumba, wakazitandaza chumba kizima, nene na laini, juu ya zile za zamani, kama mgonjwa anavyopokelewa kwetu na kama mgeni mkubwa anavyopokelewa. Nilipoingia nyumba ilinukia kama siku za mama. Nilisimama nikishika mwimo wa mlango nikalia kwa shukrani. Adve alijitupa humo kama mtoto wa mbuzi. Alichimba shimo katika nyasi karibu na kitanda changu, mpaka chini kabisa, akaingia, akajifunika, akabaki pua. Akasema hicho ndicho kitanda chake sasa, hataki kulala mbali nami tena. Nikamwacha alale hapo. Novatus alilala jikoni kama kawaida yake.

Jumamosi Adve alisema kichwa kinamuuma. Mimi mwenyewe nilitoka jasho, nikadhani ni mabaki ya ugonjwa. Jumapili hatukwenda kanisani. Tulibaki ndani.

Walipofika, Ta Laurenti alikaa kwenye kiti, balozi wetu wa nyumba kumi akakaa kwenye kingine, Ma Skolastika akakaa chini karibu na mlango. Niliwapitishia kikapu cha kahawa ya kutafuna kama inavyopasa, na mikono yangu ikatetemeka mbele yao, na nikaona Ta Laurenti anaitazama. Alizungumza vizuri. Alimsifu marehemu kaka yake. Alisema hamlaumu mtu.

"Lakini mtu aliyetaka kuondoka," alisema, "hawezi kukabidhiwa wanaobaki."

Balozi akaitikia. Novatus alisimama akasema ni uongo, na balozi akamwambia akae, watoto hawasemi kikaoni. Niliangalia chini. Adve alikuwa amekaa miguuni pangu, ameniegemea, na mguu wangu ulikuwa umelowa. Nikadhani amesinzia, ni udenda. Nikamgeuza uso. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi.

Nitasema sasa kitu ambacho kwa miaka mingi sikukisema hata kwenye kitubio. Nilijua papo hapo ni nini. Na kabla sijaogopa, kabla hata sijamshika vizuri, kitu fulani ndani yangu kililegea, nikawaza: sasa wataniamini. Mtoto wa mama yangu alikuwa anakufa magotini pangu, na nilipata nafuu. Ilikuwa kidogo kama kupepesa jicho, lakini ilikuwapo, na ilikuwa ya kwanza kufika.

Kisha nikasimama. Miguu ile iliyokuwa haiwezi kupita bila ukuta, sijui ilifanyaje. Nilimbeba Adve.

"Huyu hajanywa kitu," niliwaambia. "Hata mimi sikunywa. Zilizokunywa ni nyasi. Tokeni nje."

Nyuma ya nyumba nilimvua nguo zote nikamwosha kwa sabuni ya mche, nywele, shingo, katikati ya vidole, Novatus akinimwagia maji ya mtungi. Ma Skolastika alitaka kumpa maziwa, nikamzuia. Ta Laurenti alitusogelea. Alivua koti lake la kanisani akamfunga Adve ndani yake, akapanda baiskeli ya balozi na mtoto kifuani, akashuka kilima kuelekea Muleba. Sikuwahi kumwona mzee akiendesha vile.

Safari hii kulikuwa na mtu wa kueleza. Ta Laurenti alimwambia daktari Bukoba kwamba mtoto amelala juu ya nyasi zilizomwagikiwa dawa ya kahawa na mafuta ya taa. Hawakumpitisha mpira. Walimwosha tena na kumchoma sindano. Mimi nilifika baadaye kwa lori, nikakaa nje ya wodi kwenye benchi, na nikajua kwamba kukaa upande huu wa mlango ni kubaya kuliko kulala upande ule. Bi Zuhura hakuwepo tena, binti yake alikuwa amekwisha kupona. Nilijifunika kanga yake.

Ta Laurenti alitoka wodini akakaa kando yangu. Wanaume wa umri wake kwetu hawaombi radhi kwa msichana, na sikungoja aombe.

"Ananiuliza nani atalala kwenye shimo lake la nyasi," alisema mwishowe.

"Amesema maneno?"

"Amesema. Anadai lisichukuliwe na mtu."

Hapo ndipo niliogopa, wakati hatari imepita. Nikaivuta kanga mpaka machoni. Alinishika bega, akaliacha.

Alirudi kijijini kabla yetu. Daktari alikuwa amemwonya kwamba nyasi zile zisichomwe, maana moshi wake nao ni sumu, wala zisitupwe karibu na kisima. Alichimba shimo rweya mbali na chemchemi, akafunga mikono kwa mifuko ya nailoni, akazitoa nyasi zote sakafuni, mpya na za zamani, akazifukia. Akabomoa na sehemu ya paa iliyokuwa juu ya kitanda. Kubeba nyasi za sakafuni ni kazi ya wanawake, na watu walipita wakimtazama. Ma Skolastika aliniambia kwamba mmoja alimuuliza kama Kimwani wanaume ndio wanaotandika nyumba siku hizi. Alimjibu kwamba siku hizi, ndiyo.

Alikaa kwetu mpaka Adve aliporudi, akilala jikoni na Novatus. Siku ya kuondoka aliniachia bomba jipya la kupulizia kahawa na kuniambia Novatus amekuwa mkubwa, apulize yeye, mimi nisiiguse dawa tena maisha yangu yote. Habari ya kugawana watoto haikusemwa tena. Novatus na Adve walikua pale pale, chini ya paa lile lenye kiraka.

Ningependa kuishia hapo, lakini yapo mengine. Uvumi haukufa. Ulibadilika. Wapo waliosema nilikunywa nikashindwa kufa, kisha nikampa mtoto. Niliwasikia kisimani. Mwanamume aliyekuwa akinizungukia hakurudi, na waliokuja baadaye walikuwa wajane waliotafuta mtu wa kuwalelea watoto. Nyayo zangu huwaka hadi leo msimu wa baridi. Na sikutandaza tena nyasi sakafuni. Wageni walikaa juu ya udongo mtupu, baadaye juu ya mkeka, wakaondoka wakisema binti wa fulani hana ukarimu. Niliwaacha waseme.

Nyigu walirudi, bila shaka. Nyigu hawana habari na mambo ya watu. Mume wa Ma Skolastika alikuja na ngazi na kigae cha makaa, milango yote wazi, ndoo za maji zimepangwa, akawafukiza taratibu. Iliwachukua jioni moja kuhama. Kazi ile ilihitaji jirani tu, na jirani nilikuwa naye tangu mwanzo.

Adve sasa ni mwalimu, ana nyumba ya bati na sakafu ya saruji pale Muleba. Krismasi iliyopita aliniita. Nilipofika mlangoni niliona ametandaza nyasi sebuleni, mbichi, nene, juu ya saruji yote, wajukuu wakigaagaa. Alisema amewachosha vijana kuzikata rweya tangu asubuhi, kwa ajili yangu. Nikashindwa kuingia. Nilibaki pale pale kizingitini, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuandika haya na sikutaka ayasome kwenye karatasi kabla ya kuyasikia kwangu, nilimwambia. Nilimwambia kuhusu ile nafuu. Kwamba ilikuja kwanza.

Alikuwa ameshika ungo wa karanga. Aliuweka chini.

"Na baada ya hapo ulifanya nini?"

"Nilikubeba."

"Kwa miguu ile?"

"Kwa miguu ile."

Alinitazama kidogo, kama anavyowatazama wanafunzi wake wanaochelewa, nadhani.

"Basi ingia, Dada," alisema. "Umesimama mlangoni, unatuingizia nzi."

Nikavua viatu, nikaingia.